Ofisi ya nyumbani ya mtu wa programu: anzia chini ya meza

Picha za ofisi za nyumbani zinazozunguka mtandaoni zinafanana: meza nyeupe, taa ya zambarau nyuma ya monita, ua kwenye chungu. Chini ya meza huonyeshwi. Kwa anayeandika programu Dar es Salaam, akiwa Tabata, Mbezi au Kigamboni, ofisi yenyewe iko huko chini: betri, inveta, ruta na fungu la waya. Monita ya inchi 27 ni nzuri, ila umeme ukiondoka saa 11 jioni, wakati New York ndiyo kwanza saa 4 asubuhi na kikao kimeanza, haikusaidii kitu.

Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipoa baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji kuanza kuzalisha Februari 2024, na wengi wakaona habari za betri zimepitwa. Lakini mgao ni kitu kimoja, kukatika ni kingine. Nchi inaweza kuwa na umeme wa kutosha na bado transfoma ya mtaa wenu ikalipuka, au mnazi ukalalia nyaya siku ya mvua ya masika. Huko kukatika kwa mtaani ndiko unakopangia ofisi. Kwa hiyo hela yako igawe hivi: kwanza umeme, halafu kiti na meza, halafu njia ya pili ya intaneti. Kinachobaki ndicho cha kununulia vitu vya kupendezesha.

Wati kabla ya shilingi

Andika kila kifaa kitakachotakiwa kubaki kinafanya kazi TANESCO ikiondoka, na ulaji wake. Usinakili namba ya kwenye chaja. Chaja ya wati 65 inakuambia mwisho wa uwezo wake. Laptopu ukiwa unaandika na kusoma hula wati 15 hadi 30, na hukaribia 60 pale tu unapokompaili mradi mzito au betri yake inapojaa kutoka chini. Weka 30. Monita ya inchi 24 hula kama 20, ruta 8, kile kiboksi cha faiba kilichopigiliwa ukutani 6, taa ya LED 9. Hapo una wati 73. Sasa ongeza feni ya kusimama, 50 peke yake, umefika 123. Tuseme 125.

Umeona? Mlaji mkubwa ni feni. Watu huhangaika kupunguza mwanga wa monita huku feni ya kawaida inamaliza asilimia 40 ya betri. Wauza sola wanazo feni za volti 12 zinazokula wati 15 hadi 25, na upepo wake unamtosha mtu mmoja aliyekaa. Kiyoyozi kiache cha TANESCO tu. Hata kidogo cha BTU 9,000 hula karibu wati 800, na betri ya kukiendesha siku nzima ni mradi mwingine kabisa.

Bili nayo isikutishe. Wati 125 kwa saa 8 ni uniti 1 ya LUKU.

Sasa betri. Iliyoandikwa volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 za kwenye stika. Kama ni ya asidi, na zile zilizozibwa zinazouzwa kama "jeli" zimo humo humo, ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua, kwa hiyo zako halali ni 600. Inveta nayo inakula ushuru wake wa asilimia 10 hadi 15 katika kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Zinabaki kama 520. Gawa kwa 125: saa 4 na dakika 10. Ya lithiamu (ile ya fosfeti ya chuma, stika yake huandikwa LiFePO4) ya ampea-saa 100 ina volti 12.8, unaweza kutumia asilimia 90 bila kuiumiza, na baada ya ushuru wa inveta unabaki na karibu wati-saa 1,000. Hizo ni saa 8. Yaani betri mbili zenye namba ileile kwenye stika, moja inakufikisha jioni, nyingine inakuacha saa ya chakula cha mchana.

Dukani ya lithiamu ni ghali zaidi, na wengi huishia hapo kuhesabu. Ongeza mambo mawili. La kwanza, ya asidi ikishushwa nusu kila siku inahimili mizunguko mamia machache. Ya lithiamu inapita 2,000. La pili ni joto. Maisha ya betri ya asidi yanayotajwa na kiwanda yamepimwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata karibu nusu. Kona ya chumba cha Dar mwezi wa pili, mchana, chini ya bati, inacheza kwenye 33 hadi 35. Betri uliyoambiwa itakaa miaka minne inakwisha kwa miwili, halafu unamlaumu muuzaji.

Kuna na hili ambalo mafundi wengi hawalisemi: betri ya asidi inataka kujazwa ikajaa kabisa. Kwa chaja ya ampea 10, kuirudisha kutoka nusu huchukua saa 6 au 7, kwa sababu asilimia 20 za mwisho huingia polepole sana. Mtaa ambao umeme unakuja kwa saa mbili, unaondoka kwa saa tatu, betri hiyo haijai hata siku moja. Bamba zake zinaota chumvi nyeupe ya salfeti, uwezo unapungua, na baada ya miezi kadhaa taa ya inveta inasema imejaa lakini inakwisha kwa dakika 40. Ya lithiamu haisumbuliwi na kukaa nusu nusu. Kwa mitaa ya namna hiyo, hii sababu peke yake inatosha kuamua.

Kama mfuko unaruhusu asidi tu, sawa, ila isiwe betri ya gari. Utaambiwa "bosi, hii N70 inapiga kazi vizuri tu". Ya gari imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, bamba zake ni nyembamba na nyingi. Ukiifyonza taratibu hadi chini mara 30 au 40 imekwisha. Omba betri ya sola. Kama ina vifuniko vya kuongezea maji, kagua kila mwezi na uongeze maji ya betri yaliyotoneshwa hadi yafunike bamba, si maji ya bomba, na usiongeze asidi: kinachopungua ni maji, asidi imebaki humo ndani. Iwekwe penye hewa pia, kwa sababu ikichajiwa inatoa haidrojeni. Chini ya kitanda si mahali pake.

Inveta na ulaji wake wa kimya

Nunua inveta ya wimbi safi, yale maneno "pure sine wave" yaliyoandikwa ubavuni. Zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Chaja ya laptopu italivumilia huku ikipiga mluzi. Feni itanguruma na mota yake kuchemka. Ukubwa wa wati 600 hadi 1,000 unatosha. Usivutwe na ya 3,000, maana kila inveta inakula kitu hata isipobeba chochote, na kubwa zinakula zaidi. Ya wati 1,000 ikiwa tupu hula 10 hadi 20. Chukua 15 kwa saa 8: wati-saa 120, karibu robo ya ile betri yako ya asidi, zimeteketea bila kuwasha hata taa.

Ndiyo maana wenye akiba ndogo wanafanya vizuri zaidi kuikwepa inveta kabisa. Ruta ni ya volti 12. Laptopu nyingi za sasa zinachajiwa kwa USB-C, na chaja ya USB-C ya gari yenye wati 65 inaungwa moja kwa moja kwenye betri. Feni ya volti 12 vivyo hivyo. Tahadhari ni moja: betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14.4, na si kila ruta inavumilia. Kati ya betri na ruta weka kile kisaketi kidogo cha kutuliza volti kinachotoa 12 kamili, betri iwe kwenye 11 au kwenye 14.4.

Kwa inveta, waya wa kutoka kwenye betri uwe mfupi na mnene. Wati 600 kwenye volti 12 ni ampea 50, na kwa upotevu wa inveta hesabu 60. Waya wa milimita za mraba 16, usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 80 iliyofungwa karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Mafundi hupenda kuiweka fyuzi upande wa inveta kwa sababu ndipo penye nafasi. Waya ukichubuka katikati na kugusana, fyuzi ya upande wa inveta haioni chochote, na betri inamwaga mamia ya ampea hadi plastiki ishike moto. Waya mwembamba nao una dalili yake: inveta inapiga kelele kwamba betri imekwisha kila unapowasha feni, kumbe volti inapotelea njiani. Gusa waya, ukiwa wa moto, umeshapata jibu.

Mjusi, ethi na pasi

Vifaa vyenye joto kidogo usiku ni nyumba ya mjusi na sisimizi. Mjusi akiingia kwenye inveta anakanyaga sehemu mbili za saketi kwa wakati mmoja, na huo ndio mwisho wa wote wawili. Funika matundu ya hewa kwa wavu wa alumini wa dirishani, mmoja tu usiokazwa, ili hewa ipite, na uupige brashi kila mwezi kwa sababu vumbi likiuziba umehamisha tatizo tu. Sisimizi wanapenda soketi na ruta. Usiwapulizie dawa ya kopo kwenye kifaa kinachowaka. Ondoa chakula mezani na upake dawa ya chenga njia wanayopita.

Ukiweka kiganja kwenye laptopu ya bati ukasikia kitu kinatambaa, kama mchwa chini ya ngozi, hapo ethi haipo. Chaja ya pini mbili huvujisha mkondo mdogo sana kwenye gamba la laptopu, na usipopata njia ya kwenda ardhini unapitia kwako. Kwa kawaida hauui, ila ni taarifa. Ukitumia plagi ya pini tatu na bado unasikia, basi ile pini ya tatu kwenye soketi haijaungwa popote, jambo la kawaida mno kwenye nyumba za kupanga. Mwite fundi umeme apime ethi na aangalie kama kwenye swichi kuu kuna kinga ya milliampea 30, ile inayokata mkondo ukivujia kwa mtu. Kifaa chochote cha kuzuia radi hutegemea ethi hiyohiyo. Bila ethi umenunua ekstensheni ya bei mbaya.

Ekstensheni yenyewe: nyingi za barabarani zimeandikwa ampea 13, yaani wati 2,990, na ndani waya ni mwembamba kama uzi wa redio. Tengeneza yako. Waya wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 1.5, plagi nzuri, na ndani ya plagi toa fyuzi ya 13 uweke ya 3. Ampea 3 ni wati 690, ofisi nzima haifiki hapo. Siku mtu akichomeka pasi ya wati 1,500 "mara moja tu nanyoosha shati", inakatika fyuzi ya bei ya pipi badala ya kuyeyuka waya nyuma ya meza.

Na umeme unaporudi ndipo vifaa vinapofia. Huja, hukatika, huja tena kwa volti za juu, yote ndani ya dakika moja. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme, kiweke kati ya ukuta na inveta. Betri inakupa subira hiyo bure.

Wenye kompyuta ya mezani wana hesabu yao. UPS ya VA 650 wanayoiona kama inveta ndogo ina betri moja ya ampea-saa 7, wati-saa 84, na VA 650 hizo ni kama wati 360 tu. Kompyuta na monita zikila wati 150 una kama robo saa ya kuhifadhi kazi na kuzima. Kwa mazingira yetu laptopu inashinda, kwa sababu imezaliwa na UPS yake tumboni. Ila isipochomolewa kamwe kwenye joto hili betri yake huvimba hadi padi ya kugusa inyanyuke. Ingia kwenye mipangilio uiwekee kikomo cha kuchaji cha asilimia 80.

Meza ya Keko ni ndefu mno kwako

Mafundi samani wa Keko jijini Dar, na wa Ngong Road kule Nairobi, wana kipimo kimoja kichwani: sentimita 75. Hicho ni kimo cha meza ya kulia na kuandikia kwa kalamu. Kaa kwenye kiti unachokusudia kutumia, nyayo zote sakafuni, mabega yamelegea, kiwiko kimekunjwa kama pembe ya mraba, na mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mwenye urefu wa sentimita 165 mara nyingi huangukia kati ya 63 na 67. Hicho ndicho kimo cha meza yako. Ukiandika kwenye 75 unanyanyua mabega siku nzima bila kujua, na maumivu yanajitokeza shingoni, si mkononi, ndiyo maana watu hubadilisha mto wa kulalia badala ya meza.

Mazungumzo na fundi hayawi mepesi. "Fundi, naomba sentimita 66." "Bosi, hiyo ni meza ya chekechea." Mwandikie kwenye karatasi, na chini yake andika: hakuna droo. Atataka kukuwekea mtoto wa meza mbele, na ubao wake unashuka sentimita 12 hadi kwenye mapaja. Sehemu yote ya kukalia iwe wazi. Droo ikitakiwa iwe pembeni.

Kwa uso wa meza, plaiwudi ya milimita 18 hadi 25. Ubao mmoja ni sentimita 244 kwa 122. Kata 140 kwa 75, na kinachobaki kinatosha rafu ya inveta. Kina cha 75 si urembo: monita inatakiwa urefu wa mkono kutoka machoni, sentimita 50 hadi 70, na kwenye meza ya kina cha 50 itakukalia puani. MDF inavutia kwa bei na unyoofu, lakini kwa hewa ya pwani kingo zake hunywa unyevu na kuvimba kama mkate kwenye chai, na mchwa wanaipenda. Ukiichukua, ziba kingo zote kwa vanishi, hata zile zisizoonekana. Miguu ya chuma, bomba la mraba la inchi moja na nusu, na lazima kuwe na bomba la kukingama upande wa nyuma. Bila hilo meza inatikisika kila unapochapa na uso unapinda katikati kwa uzito wa monita. Ukingo wa mbele mwambie aupige randa na msasa hadi uwe wa mviringo. Wa pembe kali unakata kifundo cha mkono. Tundu la waya, sentimita 6, lipite kona ya nyuma.

Ukikuta meza ndefu tayari na mwenye nyumba hataki ikatwe, panda juu wewe: inua kiti, na nyayo ziweke kwenye tofali mbili zilizofunikwa mkeka.

Kiti cha mtumba kutoka ofisi za Ulaya, chenye mgongo wa wavu, ni bora kuliko kipya cha ngozi bandia kwa bei hiyohiyo. Ngozi bandia kwenye joto na unyevu wetu hubanduka magamba, na kabla ya hapo unakuwa umeshaloa jasho mgongoni. Ukikijaribu, kipandishe mpaka juu, kaa dakika 10 ukiongea na muuzaji. Kikishuka hata kidogo, silinda ya gesi imechoka. Kipindue uangalie nyota ya chini: ya plastiki yenye ufa mweupe penye gurudumu iache hapohapo.

Laptopu ikae juu ya vitabu au kishikio hadi ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, kisha kibodi na mausi vya pembeni. Kati ya vifaa vyote vilivyotajwa humu, hivi viwili ndivyo vinavyorudisha hela yake haraka zaidi. Monita ya pili ni anasa nzuri ya baadaye.

Njia mbili zisizopita sehemu moja

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika kwa siku ileile, na Tanzania ikabaki inajikongoja, faiba na simu pamoja. Kwa janga la namna hiyo hakuna unaloweza kufanya chumbani kwako. Yale ya kila wiki yanazuilika: faiba ya kampuni moja, laini ya simu ya kampuni nyingine. Kununua faiba na bando kwa mtandao uleule ni kuweka mayai yote kapu moja, maana hitilafu yao ikitokea zote zinalala.

Kumbuka pia kwamba mnara una betri zake. Umeme ukikatika mtaa mzima, simu za wote zinahamia kwenye data, mnara unaelemewa, na baada ya saa kadhaa betri zake nazo zinaweza kuisha. Ukiwa na kazi ya kupakia kitu kikubwa, ipakie saa ya kwanza.

Ruta na kiboksi cha faiba vipate UPS ndogo yao hata kama una inveta, kwa sababu inveta nyingi za nyumbani huchelewa sehemu ya sekunde kuhamisha, ruta inajiwasha upya, na hizo ni dakika mbili tatu za wenzako kukusubiri kikaoni. Namba za UPS hizo zinadanganya kidogo: mAh 10,000 ni kwenye volti 3.7, yaani wati-saa 37. Ruta na kiboksi pamoja ni wati 14; baada ya upotevu unapata saa 2 na robo. Angalia na pini ya waya wake. Zipo za milimita 5.5 kwa 2.1 na za 5.5 kwa 2.5, kwa macho ni pacha. Ile ya 2.5 ukiichomeka kwenye kifaa cha 2.1 inaingia, inawasha taa, na inalegea; ukigusa meza ruta inazima. Watu wamebadilisha ruta tatu kwa kosa hilo.

Ruta ya laini ya simu usiiweke mezani kwa uzuri. Bati la paa na nondo za dirisha hula mawimbi. Fungua ukurasa wake wa mipangilio utafute namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia: -80 ni nzuri, -100 unajikongoja, -110 unapoteza muda. Izungushe dirisha kwa dirisha, dakika tano kila sehemu, uandike. Kutoka hapo hadi mezani vuta waya wa mtandao wa Cat6. Unafanya kazi hadi mita 100, na kuta za tofali za saruji haziusumbui. Usipoweza, tumia Wi-Fi ya gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta, ya 2.4 iweke chaneli 1, 6 au 11, yoyote ambayo majirani hawajaijaza.

Kasi ya bando si tatizo kama watu wanavyodhani. Kikao cha video kinaridhika na megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde kwenda na kurudi. Kinachokiharibu ni foleni ndani ya ruta pale simu ya mtu sebuleni inapoanza kupakia picha zake za harusi. Ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) inaweza kuwekewa SQM, kipengele cha kupanga foleni hiyo. Kiambie kasi yako ni asilimia 85 hadi 90 ya ile halisi, na foleni inahamia mahali unapoidhibiti. Unapoteza kidogo cha kasi, na kikao hakigandi tena.

Kazi yenyewe ipange iendane na njia. Kutoka Dar, seva ya Ulaya hujibu baada ya milisekunde zinazokaribia au kuzidi 150, na kila herufi unayochapa kwenye SSH (njia ya kuiamrisha seva ukiwa mbali) inasubiri hizo. Hariri kwako, tuma kikiwa tayari. Ukilazimika kukaa seva ya mbali, tumia mosh badala ya SSH tupu, na tmux inayokutunzia kazi wazi kwenye seva. Ruta ikihama kutoka faiba kwenda laini ya simu anwani inabadilika, SSH inakufa, mosh inaendelea pale ulipokuwa. Mradi mkubwa ushushe kwa `git clone --filter=blob:none`, na faili kubwa kwa `rsync --partial` ili ukikatika kwenye asilimia 90 usianze na sifuri.

Jua, kelele, giza

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa mbele macho yanachoka, likiwa nyuma linang'aa kwenye skrini na kikaoni unaonekana kivuli. La magharibi linapika chumba kuanzia saa 8 mchana. Pazia zito la rangi nyepesi husaidia kuliko feni ya pili.

Kwa kelele, usipoteze hela kwenye sponji za ukutani. Hizo zinapunguza mwangwi wa ndani. Spika ya baa ya jirani na fundi wa kuchomelea mageti havizijui. Kipaza sauti kilicho karibu na mdomo ndicho dawa: hedifoni zenye kile kijiti cha mbele, sentimita chache kutoka kwenye shavu, na feni ipulize kutoka upande wa pili wa kijiti. Mwangwi utapunguzwa na zulia, pazia na kabati la nguo.

Jenereta ikibidi, iwe nje kabisa, mbali na madirisha. Kibarazani hapana, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua waliolala.

Diski ya laptopu ifungwe kwa usimbaji tangu siku ya kwanza, na skrini isionekane kutoka njiani.

Halafu jaribu. Siku isiyo na kazi, saa 11 jioni, anzisha kikao cha video na rafiki, kisha nenda ukazime swichi kuu ya nyumba. Usiguse kitu kingine. Angalia kama sauti imekatika, monita imepepesa, ruta imejizima. Endelea hadi saa 2 usiku ukiandika volti ya betri kila nusu saa. Mara nyingi kinachogundulika ni kimoja: kila kitu kinawaka vizuri, intaneti haipo, kwa sababu kile kiboksi cha faiba cha wati 6 bado kimechomekwa kwenye soketi ya sebuleni, nyuma ya kabati la televisheni.